Lord Tweedmouth: Daftari lililozima hadithi ya mbwa wa sarakasi

DUDLEY Coutts Marjoribanks, aliyepewa cheo cha Lord Tweedmouth mwaka 1881, alikuwa mbunge na tajiri wa kiwanda cha bia jijini London. Hata hivyo, si siasa wala bia iliyomwachia jina, bali mbwa wa rangi ya dhahabu ajulikanaye kote duniani kama Golden Retriever.

Marjoribanks, aliyezaliwa mwaka 1820, alipenda mno uwindaji. Katika shamba lake la Guisachan, kwenye nyanda za juu za Scotland, alihitaji mbwa asiyeogopa maji baridi, awezaye kumtafuta ndege aliyepigwa risasi na kumleta mdomoni bila kumtafuna.

Mwaka 1865 alimnunua Nous mjini Brighton, dume wa manjano aliyezaliwa miongoni mwa ndugu weusi. Mwaka 1868 Nous alipandishwa kwa Belle, jike wa Tweed Water Spaniel, mbwa wa majini waliopatikana mpakani mwa Scotland na Uingereza na ambao sasa wametoweka. Watoto wao wakatoka manjano. Kadhaa walipewa majina ya maua ya rangi hiyo, akiwemo Cowslip, ambaye kizazi chake kiliendelezwa Guisachan kwa miaka mingi.

Wahenga walionya kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Bwana huyu hakuhitaji kuonywa: kila mbwa aliyenunuliwa, kuzaliwa au kutolewa zawadi aliandikwa. Lakini alipofariki Machi 1894, daftari lilibaki mikononi mwa familia, na pengo hilo likajazwa na hadithi tamu.

Ilidaiwa kwamba Tweedmouth aliona mbwa wa Kirusi wakicheza sarakasi huko Brighton, akavutiwa, akanunua kundi zima. Mtetezi mkuu wa simulizi hiyo alikuwa Kanali William Le Poer Trench, mfugaji aliyeheshimika, ambaye alisema habari hizo zilitoka Guisachan kwenyewe. Si haki kumwita mwongo. Kosa lake lilikuwa kutegemea masimulizi matupu. La wenzake, kuona cheo cha kijeshi na banda la mbwa wazuri kuwa ushahidi tosha. Chama cha Kennel Club kiliwatambua mbwa hao kama aina ya pekee mwaka 1911, na kwa miongo iliyofuata vitabu viliendelea kunakili habari za Urusi, mwandishi mmoja akimtegemea mwenzake.

Ndipo mwaka 1952 Earl wa Ilchester, jamaa wa marehemu, alipochapisha yaliyomo katika daftari kwenye jarida la Country Life. Nous alikuwamo, Belle alikuwamo. Mbwa wa Kirusi hakuwamo hata mmoja. Mfugaji Elma Stonex alizifuatilia kumbukumbu hizo kwa makini, akaunganisha vizazi vya Guisachan na mbwa wa maonyesho wa karne ya 20. Daftari lenyewe lina mapengo, kwani halisemi mengi kuhusu wazazi wa Nous, lakini liliandikwa na mwenye mbwa, wakati mambo yakitendeka.

Leo jumba la Guisachan ni gofu. Mnamo Julai 2018, Golden Retriever 361 walikusanywa mbele ya kuta zake kuadhimisha miaka 150 tangu Belle alipozaa.