Tom Mboya: azaliwa Thika, azikwa Rusinga

Kila ifikapo tarehe 5 Julai mimi humkumbuka Tom Mboya. Sisi wa Mombasa tuna sababu yetu: Machi 1955 makuli wa bandarini walipogoma, yeye, kijana wa miaka 24, ndiye aliyekuja kuwasaidia kusikilizana na waajiri, na mishahara ikaongezwa.

Lakini jaribu kuyafuata maisha yake kwa vyeti. Watu wake ni wa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay. Huko hakuzaliwa. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge ambako babake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara. Siku hizo sheria haikumlazimisha Mwafrika kuandikisha mtoto. Ilikuja kuwa lazima nchi nzima mwaka 1971. Akasoma Kabaa, Yala na Mang'u. Akawa kiongozi wa wafanyakazi, mbunge, kisha waziri.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi mjini Nairobi, akafa na miaka 38. Kifo huandikishwa pale kilipotokea, basi anayekitafuta chake Homa Bay anapoteza nauli. Kilichoko kwao ni kaburi tu. Na hata wilaya aliyozikwa jina limebadilika: wakati ule ikiitwa South Nyanza, leo ni kaunti mbili, Homa Bay na Migori.

Mjaluo akifia mbali hurudishwa kwao, kwa hivyo kaburi humwonyesha mjukuu asili yake. Sisi Waislamu twamzika maiti wetu upesi, mara nyingi pale alipofia, na makaburi mengi hayana jina. Babu aliyekwenda bara kufanya biashara akafia Kisumu, yuko Kisumu, na cheti chake kama kipo kiko huko huko.

Nayasema haya kwa sababu vijana wetu walipokwenda kutafuta kitambulisho walikuwa wakiambiwa walete vyeti vya babu. Ikiwa waziri mzima alizaliwa kabla ya sheria kumtaka aandikwe, mvuvi wa Vanga angekitoa wapi cha babuye?

Basi wazee wangali hai, waulizeni: babu alizaliwa wapi, alifia mji gani, amezikwa makaburi yapi? Andikeni leo. Mzee akishatiwa kaburini, hakuna afisi itakayowajibu.