Robert Wangila: Bondia Wetu wa Dhahabu

Ndugu msomaji, waulize wenzako darasani wakutajie Wakenya walioshinda dhahabu ya Olimpiki. Utasikia Kipchoge Keino, David Rudisha, Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon. Wote hao ni wakimbiaji. Mimi niliwauliza wanachama wa Chama chetu cha Kiswahili muhula uliopita, na aliyeongeza jina la Robert Wangila ni mwalimu peke yake. Sisi wanafunzi tulibaki tukitazamana. Na bado, tangu Kenya ianze kushiriki Olimpiki mwaka wa 1956 hadi Michezo ya Paris ya 2024, ni Wangila tu aliyetuletea dhahabu isiyotoka kwenye riadha. Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia maisha yake.

Robert Wangila Napunyi alizaliwa hapa hapa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Alipokuwa mtoto wa mwaka mmoja tu, bondia Philip Waruinge alishinda nishani ya shaba huko Mexico mwaka wa 1968. Miaka minne baadaye, mjini Munich, Waruinge akapata fedha, nao Dick Murunga na Samuel Mbugua wakapata shaba. Kenya ikawa nchi ya kuogopwa katika ndondi. Kisha serikali ikasusia Michezo ya Montreal ya 1976 na ile ya Moscow ya 1980. Mabondia wa miaka hiyo walifanya mazoezi mpaka nguvu zikawaisha bila kupata nafasi. Mwaka wa 1984, Los Angeles, Ibrahim Bilali akarudi na shaba. Kwa hivyo Wangila alikua wakati ambapo dhahabu ya ndondi ilinukia lakini haikushikika.

Sisi watu wa Eastlands tunaelewa kwa nini ndondi hupendwa mitaani. Mpira unataka uwanja, na viwanja vyetu vinanyakuliwa kila kukicha. Lakini bondia anaweza kuanza na kamba ya kuruka, gunia lililojazwa matambara na mzee mmoja wa kumfunza. Hapa kwetu Jericho wazee bado husimulia habari za mabondia wa zamani kana kwamba walipigana jana, na ukiwasikiliza utachelewa kufika nyumbani.

Mwaka wa 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, ile iliyojengewa uwanja wa Kasarani. Wangila alishinda dhahabu katika uzani wa welta, yaani wa kilo 67. Mwaka uliofuata akaenda Seoul, Korea Kusini, pamoja na wenzake wa timu ya taifa iliyojulikana kwa jina la Hit Squad. Chris Sande alipata shaba katika uzani wa juu yake. Wangila naye alipanda ngazi moja moja hadi fainali, akakutana na Mfaransa Laurent Boudouani. Msidhani Boudouani alikuwa mtu wa kubahatisha. Baadaye, mwaka wa 1996, alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA katika ngumi za kulipwa. Lakini siku hiyo hakufika raundi ya tatu. Wangila alimwangusha katika raundi ya pili kwa nokauti, na wimbo wetu wa taifa ukapigwa katika ukumbi wa ndondi. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Kenya ilipata dhahabu tano mwaka huo. Nyingine nne zilitoka kwa Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki, wote wanariadha. Ya Wangila ndiyo ya kwanza ya Mkenya katika ndondi, na mpaka saa hii hakuna mwingine aliyepata ya pili.

Sasa mtu anaweza kuuliza, kwa nini hakukaa nyumbani akala heshima yake? Jibu ni rahisi. Heshima hailipi kodi ya nyumba. Ngumi za ridhaa hazina mshahara, na nishani haipikwi ikaliwa. Mwaka wa 1989 Wangila aliingia katika ngumi za kulipwa, akapigania Marekani. Huko mchezo ni mwingine kabisa. Seoul pigano lilikuwa la raundi tatu, na kila bondia alivaa kofia ya kukinga kichwa. Katika ngumi za kulipwa hakuna kofia, na pigano linaweza kufika raundi 10 au 12. Wangila alipigana mara 27, akashinda 22 na kushindwa tano. Mapigano mengi aliyashinda kabla ya kengele ya mwisho, maanake konde lake lilikuwa zito. Hata hivyo, ubingwa wa dunia hakuupata.

Tarehe 22 Julai 1994 alipanda ulingoni Las Vegas kupambana na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa, refa Joe Cortez aliona Wangila anapigwa mno, akalisimamisha pigano. Wangila hakufurahi. Alilalamika kwamba bado angeweza kuendelea. Alirudi katika chumba cha kubadilishia nguo kwa miguu yake mwenyewe, na huko, muda mfupi baadaye, akapoteza fahamu. Hakuamka tena. Alifariki tarehe 24 Julai akiwa na umri wa miaka 26.

Hata baada ya kufa hakupumzika upesi. Alikuwa amesilimu akiwa Marekani, na baadhi ya jamaa zake hawakulikubali jambo hilo. Mzozo wa mazishi ulifika mahakamani, na ikaamuliwa azikwe kwa taratibu za Kiislamu. Basi yule aliyeunganisha nchi nzima kwa ngumi mbili akazikwa katikati ya mabishano.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara nasimama pale alipolalamika. Watu wengi hupenda kusema kwamba hiyo ndiyo alama ya ushujaa wake, kwamba simba hakubali kushindwa. Mimi naona vingine. Wakati Wangila anamwambia refa kwamba yuko sawa, kichwa chake kilikuwa kimeumia tayari, naye mwenyewe hakujua. Madaktari hueleza kwamba konde zito linaweza kupasua mshipa mdogo ndani ya fuvu. Damu hujikusanya polepole na kuubana ubongo. Kwa muda mtu huweza kusimama, kuongea, hata kubishana, kisha akaanguka. Kwa hivyo bondia mwenyewe siye shahidi mzuri wa hali yake. Ndiyo sababu kuna refa na daktari, na ndiyo sababu kocha hushika taulo.

Wangila hakuwa wa kwanza. Mwaka wa 1982, katika mji huo huo wa Las Vegas, Mkorea Duk Koo Kim alipigwa katika raundi ya 14 na baadaye akafa. Baada ya kifo chake chama cha WBC kilipunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Sheria ilibadilika, lakini mioyo ya mabondia haikubadilika, na yetu sisi watazamaji pia. Bado tunamzomea anayesimamishwa.

Naandika haya kwa sababu yananihusu. Kakangu ni bondia. Kila jioni hufanya mazoezi katika ukumbi mmoja wa mtaa, na ana kipaji, hilo hata majirani wanakubali. Mama hataki kabisa. Yeye husema hakumzaa mtoto ili apigwe na watoto wa wengine. Mwezi wa Aprili kaka alipigwa konde la sikio, akaumwa na kichwa siku tatu. Alinificha hata mimi tunayelala chumba kimoja, kwa sababu wenzake wangemwita mwoga. Mama alipojua, nyumba haikulalika.

Tangu hapo kila mmoja anataka niwe upande wake. Mimi siwezi kumwambia kaka aache ndondi, kwani bila vijana kama yeye hatungekuwa na dhahabu ya Seoul. Lakini nilimsomea makala haya kabla ya kuyaleta kwa mhariri, na tulipofika pale kwenye chumba cha kubadilishia nguo alinyamaza. Nilimwambia kwamba wahenga hawakukosea waliposema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wale wanaomcheka bondia kwa kusimama hawatakuwa pamoja na mama yake siku ya kilio. Kaka amekubali jambo moja: akiumwa na kichwa atasema, na hatapanda ulingoni mpaka daktari amruhusu. Mama bado hajaridhika, lakini wiki iliyopita alimshonea kaptura yake ya mazoezi iliyokuwa imechanika.

Wanachama wenzangu, tumkumbuke Wangila kwa yote mawili. Tumkumbuke kwa raundi ya pili ya Seoul, tukajivuna. Na tumkumbuke kwa raundi ya tisa ya Las Vegas, tukajifunza kumpigia makofi refa anayesema imetosha. Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema.