Gor Mahia: Mtu Nyuma ya Mighani

Jina la Gor Mahia limevuma sana kupitia klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968, hata wengi wetu tumesahau kwamba kwanza lilikuwa jina la mtu. Gor alikuwa Mjaluo wa Kanyamwa, eneo la Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo. Aliishi mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, akiwa kiongozi wa watu wake na mganga aliyeogopwa. Mahia ni lakabu inayohusishwa na maajabu yake.

Masimulizi ya Homa Bay na jirani yake Migori humchora akijigeuza: mara kikongwe, mara mtoto, mara mwanamke, mara mnyama. Maafisa wa kikoloni wanapomjia, hawamtambui. Hapa ubunifu unabeba historia: jamii iliyokuwa ikinyang'anywa mamlaka ilijisimulia kiongozi asiyeshikika.

Tunapotafuta fantasia ya Kiswahili, hukimbilia Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) au Walenisi ya Katama Mkangi (1995), na wengine hununua wachawi wa Ulaya katika vitabu vya majalada laini. Gor naye anastahili riwaya, kando ya Fumo Liyongo na Luanda Magere. Ila atakayeiandika asimsifu kwa miujiza pekee. Aulize pia ni hofu gani iliyowafanya watu wamhitaji mtu wa namna hiyo.