Shaaban Robert na Miaka Yake Minne ya Shule

Kila matokeo ya mtihani yanapotoka, barazani hakukosi mzee wa kumtaja marehemu Sheikh Shaaban Robert. Mtoto wa fulani hakupata alama, babake amevunjika moyo, basi anapozwa kwa kuambiwa kwamba Shaaban naye alisoma miaka minne tu na leo anasomeshwa vyuo vikuu. Maneno haya nimeyasikia miaka mingi, na nia yake ni njema. Lakini mimi naona yamepinduliwa juu chini.

Sheikh Shaaban alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, Vibambani, kijiji kilicho karibu na Machui, kusini mwa Tanga. Bendera ilikuwa ya Wajerumani. Alikuwa na miaka mitano Waingereza walipoleta majeshi kutoka India kuishambulia Tanga, Novemba 1914, wakatimuliwa wakarudi majini. Vita vile viliendelea miaka minne, vikavuruga shule pamoja na kila kitu. Yeye tunamkuta darasani mwaka 1922, mjini Dar es Salaam, sasa chini ya Waingereza. Ana miaka 13, umri ambao sisi wa 8-4-4 tulikuwa tumeshakaribia mtihani wa darasa la nane.

Miaka ile ya 1922 mpaka 1926 ndiyo iliyokuwa shule yake. Serikali mpya iliendeleza desturi ya Wajerumani ya kusomesha watoto kwa Kiswahili, na hili nalipa uzito mkubwa. Mtoto wa Pwani aliingia darasani na lugha yake mdomoni, hakuambiwa aiache mlangoni. Mwaka 1923, yeye akiwa bado mwanafunzi, Idara ya Elimu palepale Dar es Salaam ilianzisha Mambo Leo, gazeti la Kiswahili ambalo baadaye lilichapisha mashairi yake. (Watu wa Mvita bado wana kinyongo kwamba mkutano wa 1928, uliofanyika papa hapa Mombasa, ulichagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu. Hayo tuyaache siku nyingine.)

Mwaka 1926 ukafika mtihani wa kumaliza. Waliopata cheti walikuwa wanafunzi 11, na Shaaban alikuwa wa pili.

Wazee wa barazani hapa ndipo wanapoparuka. Shaaban hakuanguka mtihani, wala hakuchoka na shule akaenda kukaa maskani. Alishinda karibu wote, kisha njia ikamwishia. Serikali ya kikoloni ilitaka makarani, na kwa Mwafrika wa Tanganyika ngazi za juu zilikuwa chache mno au hazipo kabisa. Mwaka uleule akaajiriwa ukarani katika Idara ya Forodha, akakaa huko mpaka 1944. Akahamia idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya wilaya Tanga, kisha idara ya upimaji ardhi. Mtu aliyeandika Kusadikika alikula mshahara wa karani karibu maisha yake yote ya kazi.

Kusoma hakuacha. Alikijua Kiingereza kiasi cha kutuletea kwa Kiswahili mashairi ya Omar Khayyam. Akakaa katika kamati ya lugha ya Afrika Mashariki pamoja na wasomi wa Kizungu waliokuwa na shahada. Akaandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja ambaye hata darasa moja hakulipata, na hakuandika kwa kumhurumia bali kwa kumheshimu. Na alipotaka kuwausia wanawe, alimtungia utenzi binti yake Hati, na mwingine mwanawe wa kiume. Wazazi wanaosema shule ni ya wavulana wautafute huo wa Hati.

Naandika haya kwa sababu mtihani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho 2023, na wengi wetu tulidhani balaa la kuachia njiani limekwenda nao. Halijaenda. Naona watoto wanaomaliza gredi ya sita kisha wanayeyuka, huyu baharini, huyu kwenye bodaboda, huyu anatafutiwa mchumba. Ukiuliza, unaletewa Shaaban Robert. Yeye alifungiwa mlango na mkoloni. Huyu wetu mlango uko wazi, na tunaoufunga ni sisi na karo na uvivu wetu wa kufuatilia.

Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53, nusu mwaka tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Sehemu kubwa ya kazi zake ilikuwa bado haijachapishwa. Kufikirika kilitoka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote 1968. Yeye mwenyewe hakuvishika mkononi.