Abebe Bikila: Alishinda pekupeku, kisha akaanza upya bila miguu

Ukitoka KCMC Moshi na goti lililofanyiwa upasuaji ukarudi nyumbani Suji au Chome, shughuli ndiyo kwanza inaanza. Njia ni mlima, bodaboda inakurusha, na mazoezi uliyopewa na mtu wa fiziotherapia yanauma kwelikweli. Ni rahisi kuyaacha. Kabla hujayaacha, msome huyu jamaa.

Abebe Bikila alizaliwa Ethiopia mwaka 1932, akawa askari wa kikosi cha ulinzi cha Mfalme Haile Selassie. Mwaka 1960 alikimbia marathoni ya Olimpiki jijini Roma bila viatu. Alitumia saa 2:15:16, rekodi ya dunia, na kuipa nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki.

Ilipokaribia Tokyo 1964, zikiwa zimebaki wiki kama tano tu, akafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Wengi wakajua basi tena. Akashinda, tena kwa rekodi nyingine: 2:12:11. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni mbili za Olimpiki kabla yake. Na alipovuka utepe hakuanguka chini, alianza kunyoosha viungo kwenye nyasi za uwanja!

Mexico 1968 mguu ulimgomea, akaachia njiani baada ya kilomita kama 17. Ni mbio zilezile ambazo John Stephen Akhwari wetu alimaliza wa mwisho, goti likiwa limefungwa bendeji.

Machi 1969 gari lake lilipinduka usiku, akakwama ndani mpaka asubuhi. Uti wa mgongo uliumia. Mwanzoni hata mikono haikusogea.

Alipelekwa Stoke Mandeville, Uingereza, hospitali ambayo Dk. Ludwig Guttmann aliifanya maarufu kwa kutumia michezo kama tiba. Michezo aliyoianzisha hapo 1948 ndiyo iliyozaa Paralimpiki. Kabla ya hapo, mtu aliyevunjika uti wa mgongo aliachwa kitandani tu, na wengi walikufa kwa vidonda na maambukizi.

Abebe alikaa huko miezi minane. Siku kwa siku, mikono ikarudi. Miguu haikurudi kamwe, hilo tusilifiche.

Lakini 1970 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu akishindana kulenga mishale na kucheza tenisi ya meza kwenye michezo ya Stoke Mandeville. Mwaka uliofuata alialikwa Norway kama mgeni tu, akaingia kwenye mashindano ya kigari cha thelujini kinachovutwa na mbwa. Mtu wa Ethiopia, kwenye theluji. Akashinda.

Munich 1972 alikuwa mgeni wa heshima, uwanja mzima ukamshangilia.

Alifariki Oktoba 25, 1973, akiwa na miaka 41, kwa damu kuvuja kwenye ubongo, tatizo lililotokana na ile ajali. Ethiopia ilitangaza siku ya maombolezo, na maelfu ya watu walijitokeza Addis Ababa kumzika, mfalme mwenyewe akiwepo.