Mkimbizi aliyebuni gari la Mr Bean: Je, laweza kuvuta karavani?

Kama uliwahi kukaa mbele ya runinga ukimtazama Mr Bean, lile gari lake unalijua. Dogo, rangi ya ndimu, boneti nyeusi, na kufuli mlangoni kana kwamba ni kioski. Kuna siku alinunua vitu vya nyumbani hadi gari likajaa pomoni, akapanda juu ya paa na kuliendesha akiwa ameketi kwenye kiti cha sebuleni. Ulicheka, si ndiyo?

Sasa tuseme hilo gari, Mini, ni lako. Uko Uingereza, ni likizo, na badala ya kiti cha sebuleni unataka kufunga karavani nyuma, yaani kile kijumba cha magurudumu cha kulala ukiwa safarini. Polisi wakikusimamisha, utakuwa upande gani wa sheria? Kwa sehemu kubwa jibu limo kwenye uzani wa gari lenyewe, na huo uzani uliamuliwa na mtu mmoja aliyechukia kilo za bure maisha yake yote. Anaitwa Alec Issigonis.

Alizaliwa Novemba 18, 1906, mjini Smyrna, ambao leo unaitwa Izmir, nchini Uturuki. Babake alikuwa Mgiriki mwenye uraia wa Uingereza na karakana ya mitambo ya meli. Mamake, Hulda, alitoka katika familia ya Wajerumani waliotengeneza bia mjini humo. Walikuwa watu wenye nazo. Kisha Septemba 1922 vita vya Wagiriki na Waturuki vikaufikia mji, moto ukateketeza sehemu kubwa yake, na familia hiyo ikaondolewa kwa meli ya Waingereza hadi Malta. Nyumba, karakana, mashine, vyote viliachwa nyuma. Babake alifariki kabla ya kufika Uingereza. Mwaka wa 1923 kijana huyo wa miaka 16 aliingia Uingereza na mamake, wakaanza upya.

Baadaye mama na mwana walizunguka Ulaya kwa gari la Singer, na gari lenyewe likawa linakwama kila mara njiani. Wewe ungelaani. Alec alifungua boneti na kujifunza. Aliporudi alisomea uhandisi katika chuo cha Battersea, London, na hapo akagonga mwamba: alianguka mtihani wa hesabu mara tatu. Ndiyo, mara tatu. Kama wewe ni wa kutoroka hesabu, hapa umepata mwenzako, ila usimwambie mwalimu ni mimi nimekutuma. Kilichomwokoa ni mkono wake. Alichora vizuri mno, na hadi uzeeni alikuwa akichora sehemu za gari kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, kisha kuwaachia wenzake kazi ya kupiga hesabu.

Alifanya kazi katika kampuni ya Humber, na mwaka wa 1936 akaajiriwa na Morris, Oxford. Wikendi yeye na rafiki yake George Dowson walikuwa wakiunda gari lao la mashindano kwa mikono, kipande kwa kipande, kwa miaka kadhaa. Walilipa jina linalomaanisha kwamba ni jepesi. Unaona tayari huyu jamaa alikuwa na ugonjwa gani?

Gari lake la kwanza kubwa kwa umaarufu (si kwa umbo) ni Morris Minor, lililozinduliwa London mwaka wa 1948. Hili muulize babu yako, maana lilifika hadi barabara za Kenya. Mambo yalipokuwa karibu kukamilika, Issigonis alilitazama akaona ni jembamba mno. Akaamuru likatwe katikati kwa urefu, nusu mbili zikasogezwa mbali hadi jicho lake likaridhika. Pengo lilikuwa kama sentimita 10, na ndiyo sababu boneti ya Minor ina ule mstari mpana ulioinuka katikati. Tajiri wake, Lord Nuffield, hakulipenda hata kidogo. Alilifananisha na yai lililopikwa majini bila ganda. Wateja walilipenda. Likawa gari la kwanza la Uingereza kufikisha milioni moja.

Kisha ikaja shida ya mafuta. Mwaka wa 1956 mgogoro wa mfereji wa Suez ulikatiza njia ya mafuta, na Uingereza ikaanza kuwagawia madereva petroli kwa kipimo. Barabara zikajaa vigari vya Kijerumani vyenye umbo la povu la sabuni. Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya BMC iliyokuwa imeimeza Morris, hakuweza kuvistahimili. Mwaka wa 1957 akamwambia Issigonis aache yote na kuunda gari dogo la kweli, la watu wanne, kwa kutumia injini ambayo kampuni ilikuwa nayo tayari.

Hapa ndipo jamaa alipofanya maajabu. Injini aliilaza kwa upana badala ya urefu. Gia akazitia chini ya injini, zioge kwenye oili moja. Nguvu akaipeleka magurudumu ya mbele, hivyo hakukuwa tena na ule mhimili mrefu wa kupita chini ya sakafu. Magurudumu yakawa ya inchi 10 tu, na badala ya springi za chuma, rafiki yake Alex Moulton akabuni koni za mpira. Gari lote lilikuwa na urefu wa mita tatu na kidogo, na asilimia kama 80 ya nafasi ilikuwa ya watu na mizigo. Mini ilizinduliwa Agosti 26, 1959, kwa bei isiyofika paundi 500.

Usidhani ilikuwa kamilifu. Mini za kwanza ziliingiza maji sakafuni mvua ikinyesha, yaani unaendesha huku miguu imelowa. Viti vilikuwa vya kukukumbusha uko macho. Issigonis aliamini dereva anayestarehe sana ni dereva anayesinzia. Redio hakuitaka.

Sasa turudi kwa karavani yako. Uingereza, tangu Desemba 2021, leseni ya kawaida ya gari inakuruhusu kuvuta trela ya hadi kilo 3,500. Tulia kwanza. Leseni ni yako, lakini mwili ni wa gari. Sheria inasema trela isiyo na breki zake, pamoja na mzigo uliomo, isizidi kilo 750 au nusu ya uzani wa gari linalovuta, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Mini ya zamani ina uzani wa kilo 600 hivi. Nusu yake ni 300. Ukishaweka kitanda, jiko, mtungi wa gesi na maji, kilo 300 zimekwisha kabla hujapakia nguo. Kwa hivyo utahitaji karavani yenye breki zake, na hata hapo huruhusiwi kupita uzani ambao mtengenezaji wa gari aliandika kwenye kitabu chake. Wazoefu wanashauri karavani isizidi asilimia 85 ya uzani wa gari, ambayo kwa Mini ni kilo 510. Huo ni ushauri, si sheria, lakini mkia mzito kuliko mbwa hautikiswi na mbwa. Kabla ya safari, peleka karavani ikapimwe ikiwa imepakiwa, kama lori pale Mlolongo.

Na hapa utaona kitu cha kuchekesha kuhusu magari mawili ya mtu mmoja. Karavani huegemea nyuma ya gari, na uzani huo hupunguza mgandamizo wa magurudumu ya mbele. Kwenye Mini magurudumu hayo hayo ndiyo yanayovuta. Ukifika kwenye mlima wenye barabara yenye maji, yanazunguka bure. Ujanja uliowapa abiria nafasi ndio unaokuangusha. Morris Minor, lile kongwe, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na lina kilo 750 hivi, kwa hivyo huo mzigo unalisaidia kushika barabara. Ningekuwa mimi, ningechukua Minor, niondoke mapema, nisiwe na haraka na mtu.

Mengine ni ya kufuata tu. Karavani lazima iwe na nambari ya usajili ileile ya gari. Ikiwa pana kuliko gari, na nyuma ya Mini karibu kila kitu ni kipana, ongeza vioo virefu vya pembeni; ukikamatwa bila vioo vinavyofaa, faini inaweza kufika paundi 1,000. Barabara ya kawaida, mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Kwenye barabara kuu yenye leni tatu, ile ya kulia kabisa si yako. Chuma cha kufungia karavani kwenye gari la kabla ya Agosti 1998 hakihitaji kibali cha kisasa cha kiwanda, na gari lililopita miaka 40 bila kubadilishwa sana halilazimiki kupita ukaguzi wa kila mwaka. Usifurahie mno. Kosa la breki mbovu halina msamaha wa umri, na Mini ya mwaka wa 1959 ina breki za ngoma pande zote nne. Mpe fundi azikague.

Issigonis mwenyewe aliishi kuona gari lake la petroli kidogo likigeuka kuwa bingwa. John Cooper aliliongezea nguvu, na Mini ikashinda mbio za Monte Carlo mwaka wa 1964, 1965 na 1967. Ile ya 1966 pia ilimaliza mbele, ikanyang'anywa ushindi kwa sababu ya taa. Malkia alimpa hadhi ya Sir mwaka wa 1969. Miaka miwili baadaye alistaafu. Hakuoa, aliishi na mamake hadi alipofariki mwaka wa 1972, yule yule Hulda aliyetoka naye Smyrna.

Alifariki Oktoba 2, 1988, mjini Birmingham. Mini yake iliendelea kuundwa hadi Oktoba 2000, zaidi ya magari milioni 5.3. Mr Bean alianza kuonekana runingani Januari 1990, kwa hivyo Issigonis hakuwahi kukiona kile kiti cha sebuleni juu ya paa.