Gotthard Handrick, bingwa wa Berlin aliyetumwa Hispania

Kila mutu anamjua Jesse Owens, yule Mmarekani mweusi aliyebeba medali nne za zahabu kule Berlin mu mwaka 1936. Siku zile zile kulikuwa rubani mumoja wa jeshi la Ujerumani aliyepata ya kwake, na habari yake haisemwi sana.

Gotthard Handrick alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1908 mu mji wa Zittau, jimbo la Saxony. Mchezo wake ulikuwa ule wa mambo matano: kupanda farasi, kupigana kwa upanga, kupiga bastola, kuogelea metre 300, kukimbia kilometre 4. Siku tano, kila siku jambo moja. Hesabu yake wakati ule haikuwa kama ya mpira: ukiwa wa kwanza uliandikiwa moja, ukiwa wa kumi uliandikiwa kumi, na mwenye hesabu ndogo njo alishinda. Tangu 1912 Waswidi walibeba zahabu hii mara zote tano, kama mali ya nyumbani kwao. Handrick akawanyang'anya: 31,5. Mmarekani Charles Leonard alipata 39,5, na Mwitaliano Silvano Abba 45,5.

Sasa, bingwa kama huyu, serikali yake inamfanya nini? Ile ya Hitler ilimtuma Hispania mu 1937, kumusaidia Jenerali Franco, mu kundi lililoitwa Legion Condor. Kundi lile lilikuwa limekwisha kuunguza mji wa Guernica mu mwezi wa ine, mbele yeye afike. Mu mwezi wa saba akapewa ukubwa wa ndege zote za kuwinda. Kwenye pua ya Messerschmitt yake wakachora zile pete tano za Olimpiki. Akatungua ndege tano.

Sisi wa sendika ya migodi, vita ile tunaikumbuka sababu ya Asturias. Wachimba makaa wa kule waliasi mu 1934, jeshi likawaua kwa wingi. Mu 1937 mabomu ya Legion Condor yakaangukia milima yao, na mu mwezi wa kumi Franco akaikamata inchi yao yote. Pete za mchezo juu ya chombo cha kuua! Mimi ile siipite kimya.

Michezo ya 1940 haikufanyika, vita ilikuwa imeingia. Mwaka ule Handrick aliongoza kikosi JG 26 juu ya Uingereza, lakini mu mwezi wa munane Göring akamutosha, akaweka Adolf Galland. Handrick alikuwa na miaka 31, mwenzake 28. Tayari alihesabiwa muzee. Wakamuhamisha huku na kule, paka Norvège.

Abba, yule wa medali ya tatu, alikufa Urusi mu 1942, wakikimbilia bunduki za mashine. Handrick alipona. Alikufa tarehe 30 Mei 1978, Ahrensburg, karibu na Hamburg.